Spika Iliyomjua Mwalimu Kwanza

Mtaani kwetu, mtu akitaka kununua kitu chochote kinachotoa sauti, alipitia kwa Mwalimu kwanza. Iwe ni redio, kinanda cha kanisa au simu ya mkononi, angeulizwa, "Umeshamwonyesha Mwalimu?" Kuna mama mmoja aliyemletea hata jogoo. Alitaka kujua kama ana sauti ya kufaa kufugwa. Mwalimu alimsikiliza jogoo yule kwa makini, kichwa kimeinama upande, kisha akasema huyo ni wa kuamsha watu kabla ya wakati wao. Jumapili hiyo jogoo akaliwa kwa obusuma, ugali wetu, na Mwalimu akaletewa paja.

Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, yeye nyumba ya mwisho kwenye ploti na mimi ya pili kutoka mwisho, na sitawaficha: muda mwingi wa ujirani wetu nilimwonea wivu. Haukuwa wivu wa mali, maana hakuwa na mali ya kuonewa. Alikuwa na kitanda, meza, viti vichache na kabati la vikombe. Alikuwa pia na mama yangu, na hapo ndipo palipokuwa na maneno.

Shule ya msingi alishastaafu, lakini kwaya hakustaafu. Makanisa ya Kakamega yaligombania jioni zake. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na alitembea akiburuta champali kwa mdundo ule ule hata akiwa na haraka. Akitaka kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia, hakuhitaji kinanda; aligonga kikombe kwa kijiko, akasikiliza, akanywa chai kidogo, akagonga tena mpaka kikombe kikasema alichotaka. Watoto wa ploti walijaribu kumwiga na wakavunja vikombe vya mama zao.

Mtu wa namna hiyo ungedhani Jumapili atakuwa mbele, anarusha mikono. La. Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa, mdomo ameufunga, kama mtu aliyekuja kupumzika tu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hafungui mdomo wakati kwaya aliyoifundisha inaimba. Akasema, "Mpishi haonjanga mbele ya wageni." Alisema vitu kama hivyo kwa uso mkavu, halafu anakuomba chumvi.

Alichukia kelele, na nyumba yake haikunyamaza hata siku moja. Aliwafukuza wachuuzi wenye vipaza sauti mlangoni, na bado alikuwa wa kwanza kufika matangani, mahali ambapo vipaza sauti huwanyima usingizi hata ng'ombe. Makaa aliyabana mpaka jiko likamlilia, lakini mandazi yake yaligawiwa mlango kwa mlango yakiwa moto. Tena alikuwa na tabia iliyonikera zaidi ya zote, ya kumpa kila mtu sauti yake. Mwuza maziwa alikuwa sauti ya tatu. Mwenye ploti, pamoja na tumbo lake lote, alikuwa sauti ya kwanza, na Mwalimu alimwambia hivyo mbele ya wapangaji. Mimi alinipa sauti bila kuombwa, akipita dirishani kwangu nikiwa kwenye cherehani yangu ya nyumbani.

"Wewe fundi, wewe ni sauti ya pili."

"Na Mama?"

"Mama ni ya kwanza. Hata akiongea tu."

Niliendelea kushona, lakini mshono ule nilikuja kuufumua. Mtu akikwambia wewe ni wa pili ndani ya nyumba yako mwenyewe, sindano haiendi sawa.

Mama nilimtoa Navakholo mwenyewe, macho yake yalipoanza kufunikwa na ukungu mpaka akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Niliona nimefanya jambo jema. Nilimpa kitanda cha karibu na dirisha, nikamwekea kamba ya kumfikisha chooni. Lakini mimi mchana kutwa nilikuwa mjini kwenye kibanda changu cha kushona, na nikirudi jioni nilikuta kitanda kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Yuko kwa Mwalimu, na vicheko vyake vinapenya ukutani. Mama huyu akiwa kwangu alicheka kwa kipimo. Kule alicheka mpaka akakohoa.

Kilichowaunganisha kilikuwa matangazo ya vifo. Walio mbali na kwetu huenda wasielewe, lakini jioni redio za lugha yetu zikianza kusoma matangazo yale, watu huacha kula. Msomaji hutaja marehemu, kisha watoto wake, na wakwe, na mashemeji, na kila mmoja yuko wapi na anafanya kazi gani. Mama na Mwalimu walikaa mbele ya kiredio kidogo kama watu walio kwenye baraza la ukoo. "Huyo si yule aliyeoa karibu na posho mill?" "Ndiye. Na huyo shemeji yake ndiye aliuzianga watu mbegu mbovu." Mama hakuona tena njia wala nyumba, lakini jina moja likisomwa, Navakholo yote ilirudi machoni pake, na mashamba ya miwa na mahindi na nani alipakana na nani. Nilijua hivyo kwa sababu nilisimama uani nikiwasikiliza, sufuria mkononi.

Na Mwalimu alimwita "Mama". Majirani wengine walisema "Mama Fundi", kama inavyofaa, yaani mama yangu mimi, bintiye. Yeye alisema Mama tu, kana kwamba nilikuwa nimemwazima. Wenye wivu wajinyonge, wanasema vijana. Sikujinyonga. Niliamua kununua spika.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Kiredio cha Mwalimu kilikuwa kizee, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikileta kwangu kitu kipya kisichotaka waya, chenye redio na nyimbo na yote, Mama atakaa nyumbani. Nikaenda mjini peke yangu, sikumwambia mtu, nikachagua kwa macho yangu mawili. Nilichukua kubwa, yenye taa za rangi zinazozunguka. Mwenye duka aliifungulia wimbo wenye ngoma za isukuti, na ngoma zikanipanda miguuni hadi kifuani. Nikajisemea, leo kiredio cha watu kitaona haya.

Jioni niliiweka mezani mbele ya Mama. Vikombe vikaanza kutetemeka kabatini. Matangazo yakaja, na nasema kweli, sauti ilikuwa nene kama ya askofu, lakini hukujua kama amefiwa mtu au ameoa mtu.

"Huyu anasemea ndani ya mtungi," Mama akasema.

"Subiri nitengeneze."

"Na hiyo joto kwa uso yangu ni nini?"

"Ni taa, Mama. Ina taa za rangi."

Nikaziona zile taa zikimzunguka usoni, nyekundu, kijani, buluu, juu ya macho yasiyoziona. Kisha akapapasa fimbo yake. "Wacha niende kwa Mwarimu, nisikose za mwisho."

Nilibaki na spika yangu ikinichezea disko. Nililia, ndiyo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mwenye duka alikubali kunibadilishia mradi haijakwaruzwa. Asubuhi nikatoka nayo kwenye boksi, nikamkuta Mwalimu amesimama langoni, amevaa viatu vya kanisani, mkoba begani.

"Mama ameniambia unarudisha. Twende."

Sikumwalika. Lakini utamwambia nini mtu aliyekwisha vaa viatu?

Duka lile lilikuwa na wateja, na wote walikuwa wanapimana nguvu za ngoma. Mwalimu alingoja zamu yake akiwa amekunja uso. Alipofika mbele, alimsalimu mwenye duka, "Mulembe. Zima zote kwanza." Na yule bwana akazima, sijui kwa nini. Nadhani alisikia mwalimu wake wa darasa la tatu.

"Sasa washa hii. Tafuta mahali mtu anaongea. Sitaki wimbo."

"Lakini wimbo ndio unaonyesha—"

"Wimbo utanidanganya. Mtu akiongea hadanganyi. Weka chini. Chini zaidi. Hapo." Kisha akatoka mpaka mlangoni, akawapa mgongo, akasikiliza sauti ya chini kabisa ikimfikia kupitia kelele za barabara. "Spika kila moja inajua kupiga kelele, fundi. Uliza kama inajua kunong'ona."

Ya kwanza aliikataa kwa sababu redio yake haikushika bila kuchomekwa waya wa chaji. "Sasa hiyo ni mbuzi wa kufungwa." Ya pili, ilipowashwa tu, mwanamke alipiga ukelele ndani yake kwa Kiingereza kutangaza kwamba iko tayari. Mwalimu aliirudisha juu ya kaunta kwa vidole viwili. "Hii inaongea Kizungu kabla haijasalimia. Itampasua Mama moyo." Ya tatu aliiweka juu ya meza, akaiweka sakafuni, akaibandika mgongoni mwa kiti cha plastiki, kila mahali akisikiliza. Akauliza inakaa na moto muda gani, na alipoambiwa siku nzima, akacheka na kusema basi ni nusu siku.

Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau wala sijalisamehe. Alifumba macho. Akaishika spika ile ndogo, yenye ukubwa wa mkate wa nusu, akaipapasa taratibu kwa kidole cha shahada. Alikuwa anatafuta vitufe. Vilikuwa vimeinuka, cha kuwasha kikiwa cha mviringo na cha kuongeza sauti kikiwa na alama ya msalaba unayoweza kuisoma kwa kidole. Akazima. Akawasha. Akapunguza. Macho bado ameyafumba.

"Hii Mama ataweza mwenyewe," akasema.

Mimi ndiye niliyemzaa? Hapana, Mama ndiye aliyenizaa, na sikufikiria vidole vyake. Nilifikiria taa. Nilisimama pale kama kibanzi jichoni mwangu mwenyewe, na badala ya kushukuru nikamchukia Mwalimu kwa moyo wote kwa muda wa kutosha kufungiwa spika kwenye mfuko. Kabla haijafungwa, alitaka kuijaribu mara ya mwisho kwa blututhi. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya nguo za wateja. "Wacha, nitaweka yangu," akasema, na akaiunganisha na simu yake. Ilicheza vizuri. Tukarudi nyumbani.

Siku ile nilichinja. Ingokho, kuku mzima, kwa ajili ya watu wawili. Mama aliipapasa spika, akajifunza kuwasha na kuzima kabla mchuzi haujachemka, akaiweka mapajani. Matangazo yalisomwa, na msomaji akasikika kama mtu aliyeketi nasi akila. Mama akaanza kunieleza nani ni nani, mimi! Baadaye nikamwekea nyimbo za kwaya kutoka kwenye simu yangu, nikatoka uani kuteka maji, simu ikiwa kwenye mfuko wa aproni, moyo wangu ukiwa mweupe.

Niliporudi, wimbo haukuwa wangu. Ilikuwa kwaya nyingine, inakatizwa katikati, na sauti niliyoijua inasema, "Rudieni hapo. Sauti ya nne mmelala." Na kikombe kikagongwa kwa kijiko.

Mama alikuwa anatabasamu. "Mwarimu amefika," akasema.

Nikaenda mpaka mlango wa pili. "Mwalimu, umeingia kwa spika yangu."

"Nimeingia? Mimi niko hapa nakata mboga." Alikuwa ameegemeza simu yake kwenye chupa ya mafuta, anaigonga gonga. "Nilikuwa nasikiliza mazoezi ya jana, nashangaa simu imenyamaza. Kumbe niko kwako?"

Ni yeye aliyeiunganisha kwanza pale dukani, na spika ikamweka moyoni. Simu yangu ikienda mbali kidogo, hata kisimani, spika ilimtafuta mwenyewe wa kwanza, na mwenyewe wa kwanza alikuwa nyuma ya ukuta mmoja tu wa tofali.

Kesho yake nilirudi dukani, na mwenye duka akanieleza dawa yake: bonyeza kile kitufe cha mviringo, kishikilie mpaka spika ilie, itamsahau kila mtu, kisha uiunganishe upya na yako pekee. Nilirudi nimejiandaa. Lakini Mama alikuwa ameishika mapajani, mkono juu ya vitufe, na ndani yake kwaya ya watu ikiendelea kukosea na kusahihishwa. "Usiiguse," Mama akasema, na mimi sikuwa hata nimefika. Alijua hatua zangu.

Ikawa ndiyo desturi. Matangazo yakiisha, nilikuwa natafuta sababu ya kwenda uani na simu, au sababu ilinitafuta, na Mwalimu angeingia. Mama hakuhamia tena kwa jirani. Alikaa kwangu, kwenye kiti changu, akila chakula changu, masikio yake yakiwa ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeshinda, na sikuona nilichoshinda. Baadaye, spika ikizimwa, Mama angechambua kunde kwa vidole na kuimba zile nyimbo alizozipata, nami kwenye cherehani nikifuatia chini chini, mguu ukikanyaga. Hilo lilikuwa letu sisi wawili, nilidhani, na hata hilo sikulithamini sana, kwa kuwa nyimbo zilikuwa za Mwalimu.

Kisha Mwalimu akaanguka bafuni na nyonga ikakataa. Hakuwa na mtoto. Mdogo wake wa kiume alikuja kumchukua akamkalishe kwake, Matete. Siku ya kuondoka aliwagawia watu vikombe, kila kimoja akakigonga kabla ya kukitoa. Changu kilikuwa na ufa. "Hicho kinatoa sauti yako," akaniambia, nami nikasema asante kwa meno.

Naungama, nilifurahi. Nilijua sasa Mama ni wangu. Lakini spika ile, kila ikiwashwa, ilimulika taa yake ndogo, kataa ka buluu, kwa muda kabla ya kukubali simu yangu, na Mama alikuwa akigeuza uso kuelekea ukutani mpaka kataa kakatulia, ingawa hakukaona. Wapangaji wapya walikuwa watu wa televisheni. Mama alirudia kucheka kwa kipimo.

Kwa hiyo nilimpeleka Matete, nikasema ni kwa sababu ya hewa. Spika aliibeba mwenyewe, kamba yake kiganjani.

Mwalimu tulimkuta kwenye kiti barazani, blanketi miguuni, amepungua kifua. Mke wa mdogo wake alituletea chai. Mwalimu na Mama walisalimiana kwa mikono muda mrefu, na mimi nikapata kazi ya kukoroga sukari ambayo ilikuwa imekwisha yeyuka. Wakaanza kuwataja waliofariki, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha.

"Wacha nikuwekee nyimbo," Mama akasema, akakipapasa kitufe cha mviringo.

Simu yangu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Kataa ka buluu kakamulika mara chache, halafu spika ikalia ule mlio wake mdogo wa furaha. Ilikuwa imeiona simu ya Mwalimu juu ya stuli. Baada ya muda wote ule, na huko mbali. Nilihisi wivu wa zamani ukinipanda kooni pamoja na chai.

"Bado inanijua," Mwalimu akasema, bila kiburi. Akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akatafuta kwa kidole. "Nitawawekea kwaya yangu. Hii ndiyo nasikilizanga huku jioni."

Ilikuja kwanza kama mvua nyepesi juu ya mabati: tiki-tiki-tiki, inasimama, inaendelea. Kisha mwanamke mzee akaimba, sauti nyembamba na safi, na chini yake sauti nyingine, nzito kidogo, haijui kama inasikika, imeshikilia ile ya juu kama mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye utelezi. Ilirekodiwa kwa simu kupitia ukuta wetu. Unaweza kusikia tofali ndani yake.

"Hiyo ni cherehani," Mama akasema. "Na huyo ni mimi."

"Ni wewe, Mama."

"Na huyo wa chini ni nani?"

Mwalimu alinitazama mimi, uso mkavu, kama mtu aliyegonga kikombe na anangoja kisikike.

"Ni mimi, Mama," nikasema.

Mama alisikiliza mpaka wimbo ukaisha na cherehani ikabaki peke yake. "Sikujua unaimbanga," akasema. Kisha, "Rudia, Mwarimu. Na upunguze ile ya juu, nimsikie huyu."

"Haipunguki moja, Mama. Zinapungua zote."

"Basi punguza zote."

Mwalimu akapunguza mpaka mwisho kabisa, pale spika inaponong'ona. Mama akaiinua kutoka mapajani, akaibandika sikioni, akafumba macho yasiyoona, na akatabasamu kwa ajili ya yule mwanamke wa kwenye cherehani. Nami niliyeketi kando yake, goti langu limegusa lake, nikamwonea yule mwanamke wivu.